Sindano ikishatoka pajani mwa mtoto, inakwenda wapi?

Mama wa Msuka anapompeleka mwanawe kwenye chanjo ya wiki ya 6, macho yake yote huwa kwa mtoto. Atalia sana? Atashikwa na homa usiku? Sindano inaingia, mtoto anapiga ukelele, muuguzi anasema "pole baba, kwisha," kadi inaandikwa, na mama anatoka nje kumnyonyesha kivulini. Sindano yenyewe haimshughulishi tena.

Wiki hii naomba tuifuate hiyo sindano, kwa sababu safari yake haikuisha pale.

Ikiwa kila kitu kinakwenda kama kilivyopangwa, bomba lililotumika ni la aina inayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja. Ukilivuta tena halivutiki. Muuguzi halirudishii kifuniko, maana wengi hujichoma katika kufanya hivyo hasa. Analitumbukiza moja kwa moja, sindano na bomba kwa pamoja, katika kisanduku kigumu kilicho karibu na mkono wake. Kisanduku cha lita 5 huchukua mabomba 100 hivi. Kikifika robo tatu hufungwa na hakifunguliwi tena. Kutoka hapo hupelekwa kwenye tanuri la moto mkali, au hutumbukizwa katika shimo lililojengewa kwa saruji na kufunikwa.

Nimeanza na chanjo makusudi, kwa sababu katika vituo vyetu ndiyo sehemu inayokwenda vizuri kuliko nyingine. Chanjo ina vifaa vyake, visanduku vyake, fomu zake na watu wanaokuja kukagua. Ukitoka chumba cha chanjo ukaingia wodini, au chumba cha kujifungulia, au pale wanapofunga vidonda, mambo hulegea. Mwongozo unaotumika Tanzania ni mwepesi kuukariri: ndoo nyeusi au buluu ni ya taka za kawaida, ya manjano ni ya taka zenye maambukizi, nyekundu ni ya zile zenye hatari kubwa zaidi, na kisanduku kigumu ni cha vitu vyenye ncha. Rangi hizo zimebandikwa ukutani. Muulize mfanyakazi yeyote atakutajia zote bila kukosea.

Kisha inama utazame ndani ya ndoo.

Utakuta pamba yenye damu juu ya ganda la ndizi. Utakuta glovu, chupa ya maji, kijikaratasi cha dawa na, siku mbaya, sindano iliyochomoza kwenye mfuko. Aliyevitia humo anazijua rangi. Kwa hiyo tatizo letu si elimu, au si elimu kwanza, na ndiyo maana nachoka kila ninaposikia kwamba dawa ya taka za hospitali ni semina nyingine ya siku mbili. Tatizo ni namna wafanyakazi wanavyoitazama kazi yenyewe.

Daktari ameandika dawa, mkunga amezalisha, muuguzi amefunga kidonda. Kilichobaki juu ya meza ni cha "watu wa usafi." Neno taka lenyewe linatuponza. Tangu utotoni tumelelewa tukijua kuwa anayetumwa jaani ni mdogo wa nyumba, na aliyesoma skuli akavaa koti jeupe hategemewi kuinamia ndoo. Mawazo hayo tunaingia nayo kazini, na hakuna cheti kinachoyatoa.

Lakini fikiri kidogo. Nani anajua kuwa pamba ile ilifuta jasho au ilifuta usaha? Ni yule aliyeishika. Ikishaingia katika mfuko, mfuko ukafungwa, haina tena jina. Mtu wa usafi hawezi kuitenga, na hatakiwi hata kujaribu, kwa sababu kuufungua mfuko na kuchambua kwa mkono ndiyo hatari yenyewe. Kutenga taka kunawezekana mara moja tu, dakika ile ile, pembeni mwa kitanda, na mkono unaoweza kufanya hivyo ni wa mtaalamu. Ni sehemu ya tiba, kama vile kunawa kabla ya kumgusa mgonjwa. Anayemaliza kushona kidonda akaiacha sindano ndani ya shuka hajamaliza kushona.

Anayelipa kosa hilo ni nani? Si aliyelifanya. Ni mama anayefagia wodi, anayebeba mifuko begani au kuikumbatia kifuani, mara nyingi kwa glovu nyembamba zile zile za kupimia wagonjwa, na kwa ndara miguuni. Shirika la Afya Duniani, WHO, linatoa hesabu ya kutisha: mtu akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye maambukizi, uwezekano wa kupata homa ya ini aina ya B ni kiasi cha asilimia 30 kama hana kinga, homa ya ini aina ya C asilimia 1.8, na virusi vya UKIMWI asilimia 0.3. Wengi wetu tunaogopa UKIMWI peke yake. Hesabu inasema tuiogope zaidi homa ya ini B, na hiyo ina chanjo. Watoto wetu wanaipata ndani ya ile chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Watu wazima wengi hawakuipata utotoni. Sasa ulizia katika hospitali unayoijua: madaktari wamechanjwa? Wauguzi je? Na mama wa usafi, je? Jibu la swali la mwisho litakuonyesha hospitali hiyo inamhesabu nani kuwa mfanyakazi wa afya.

Baada ya mama wa usafi wanafuata watoto. Kwa mtoto wa miaka 6, bomba la sindano ni bunduki ya maji. Glovu ni puto. Chupa ya dripu ikikatwa inakuwa gari, na mipira yake inakuwa kamba ya kuivutia. Mtoto haendi jaani kutafuta ugonjwa, anakwenda kutafuta vitu vya kuchezea, na shimo la kituo lisilo na uzio limejaa vitu hivyo.

Sitaki makala hii isomwe kama kesi dhidi ya wauguzi wa Pemba. Nimefikiri sana juu ya kwa nini mtu anayejua haya yote anaendelea kuchanganya taka, na jibu ninaloliamini halimo ndani ya wodi. Limo nyuma ya jengo.

Mchukue muuguzi mpya, mwenye ari. Wiki ya kwanza anatenga kila kitu: nyeusi, manjano, nyekundu. Anawakemea wenzake. Siku moja anapita nyuma, anamkuta mtu wa usafi akimwaga mifuko yote mitatu katika shimo moja na kuitia moto kwa mafuta ya taa, kwa kuwa tanuri mlango wake umeng'oka tangu masika, au halina kuni, au halikuwahi kujengwa. Hamlaumu, kwani yule naye hana pa kuipeleka. Lakini kesho yake, akiwa na wagonjwa 40 mlangoni na pamba mkononi, ataitia ndoo iliyo karibu. Hakuna semina itakayomrudisha. Macho yake yameona kuwa kazi yake haikuwa na maana.

Wazee wetu wa baharini wanasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ukitaka kujua adabu ya mabaharia usitazame tanga, tazama ngama. Kwa hospitali ngama ni lile shimo la nyuma, na ndilo linaloamua kinachofanyika juu. Mtu wa usafi akiwa na tanuri linalofanya kazi, shimo lililofunikwa, buti na glovu nene, na mkuu wa kituo akienda nyuma kulitazama shimo kama anavyotazama kitabu cha dawa, wodini watu watatenga. Hivyo mtazamo wa wafanyakazi ni dalili, na ugonjwa wenyewe uko nyuma ya jengo. Na hili si letu peke yetu: WHO ilitoa taarifa mwezi Februari 2022 ikisema kuwa vituo 30 katika kila 100 duniani havina uwezo wa kuzishughulikia taka vinavyozizalisha, na katika nchi maskini zaidi ni 60 katika kila 100. Wakati huo dunia ilikuwa imezidishiwa mzigo wa barakoa na mavazi ya kujikinga na korona. Tani zipatazo 87,000 zilinunuliwa kupitia mpango wa pamoja wa Umoja wa Mataifa tangu Machi 2020 hadi Novemba 2021. Watu waliuliza zitatoka wapi, wachache waliuliza zitakwenda wapi.

Sasa turudi Msuka, kwa sababu mahali nako kuna lake la kusema.

Sehemu kubwa ya Micheweni imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Mkulima wa huko anajua jembe linavyogonga mwamba kabla udongo haujafika goti. Jiwe hilo ni gumu kuchimba, lakini ndani lina matundu na nyufa, na maji hupita ndani yake upesi bila kuchujwa. Shimo la taka lisilosakafiwa katika ardhi ya namna hiyo ni kama chujio. Masika ya Pemba yakishuka, kinachooza ndani yake huanza safari kuelekea chini, na chini ndiko visima vinakochota. Miongozo inataka shimo liwe mbali na kisima, mita 50 au zaidi, na kati ya kitako cha shimo na maji ya ardhini pabaki kama mita 2. Katika kijiji ambacho nyumba zimesogea mpaka ukuta wa kituo, mita hizo haziji zenyewe. Lazima mtu azipime kabla ya kuchimba, si baada ya watu kulalamika kuwa maji yananuka.

Halafu kuna upepo. Msuka iko kaskazini kabisa ya kisiwa, karibu na Ras Kigomasha, na upepo huko una majira yake. Tanuri lililojengwa wakati wa kusi, likaonekana moshi wake unaondoka vizuri, kaskazi ikigeuka utaurudisha moshi ule ule wodini au majumbani. Si harufu mbaya tu. Plastiki za aina ya PVC zikichomwa kwa moto mdogo, chini ya nyuzi joto 800, hutoa sumu ziitwazo dayoksini, ambazo hukaa mwilini kwa miaka na zinahusishwa na saratani. Kwa sababu yake, Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unazitaka nchi zipunguze uchomaji wa namna hiyo. Na moto huo mdogo hauyeyushi hata sindano: chuma kinatoka kwenye majivu kikiwa kizima, na ncha yake ipo.

Hapo ndipo wengine wanapokuja na jibu la haraka: turejeleze. Tukusanye plastiki, tuuze, kituo kipate fedha. Naipenda fikra hiyo, lakini katika hospitali ni lazima iingie kwa mlango wake, maana tumeona ilivyoingia kwa dirisha.

Mwaka 2009, katika jimbo la Gujarat nchini India, homa ya ini B ililipuka na kuua makumi ya watu. Uchunguzi ulielekea kwenye mabomba ya sindano yaliyotumika zaidi ya mara moja, na polisi wakafichua biashara nzima ya kukusanya mabomba yaliyotupwa, kuyapakia upya na kuyauza kama mapya. Huo nao ulikuwa urejelezaji. Taka za hospitali zilikuwa na bei, na hakuna aliyekuwa akizilinda. Kila ninaposikia kuwa mnunuzi wa chakavu anazunguka karibu na hospitali, nawaza Gujarat.

Ipo njia nyingine, na mfano wake mzuri uko Kathmandu, mji mkuu wa Nepal. Hospitali ya serikali iitwayo Bir iliacha kuchoma taka zake. Walianza na kutenga kitandani. Sindano zinakatwa hapo hapo kwa kikata-sindano. Taka zenye maambukizi zinapikwa kwa mvuke mkali ndani ya mashine inayofanana na sufuria kubwa la presha, ile ile tunayotumia kuchemshia vyombo vya upasuaji, na zikitoka humo vijidudu vimekufa. Plastiki iliyopikwa ndiyo inayouzwa. Kumbuka utaratibu: kutenga, kupika, kuuza. Ukianzia mwisho unapata Gujarat.

Wala hatuhitaji kwenda Nepal kutafuta ujuzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa kubuni mashine za mvuke za bei nafuu kwa ajili ya hospitali za Afrika, na baadaye Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne za bara hili, pamoja na Ghana, Madagaska na Zambia, zilizochaguliwa kujaribu kutibu taka bila kuzichoma. Mabomba yanayojifunga yenyewe nayo yanatengenezwa Kilifi, pwani hii hii yetu. Kituo kidogo cha kijijini hakiwezi kumiliki kila mashine, na sidhani kinahitaji. Kinachowezekana, kwa kisiwa chenye ukubwa wa Pemba, ni hospitali chache kuwa na mashine, na gari moja lenye mlango unaofungwa likapita vituoni siku maalumu kuchukua visanduku. Gari la chanjo linafika mpaka Msuka. Linakuja na visanduku vitupu. Kwa nini lirudi bila vilivyojaa?

Hapa kuna jambo ambalo linatugusa sisi wagonjwa na wazazi moja kwa moja. Katika kila kilo 100 za taka za hospitali, WHO inasema kama 85 ni taka za kawaida tu, sawa na za nyumbani: makaratasi, maboksi, chupa za maji, mabaki ya chakula. Zilizobaki 15 ndizo za hatari. Na zile 85, nyingi tumezileta sisi. Mgonjwa wetu hali chakula cha hospitali; tunampelekea uji wake, wali wake, dafu lake, chupa zake za maji na pakiti za pampasi. Tukiondoka, vyote vimebaki chini ya kitanda. Dafu likiingia ndoo ya manjano limeshakuwa taka hatari, litabebwa kwa tahadhari na kuchomwa kwa kuni zilizonunuliwa, na dafu bichi linavyochomeka kila mtu anajua. Chupa ya maji ambayo ingeuzwa imeharibika kwa tone moja la damu. Kwa kuzichanganya, kilo 15 za hatari tunazifanya 100.

Basi unapokwenda kumtazama mgonjwa Micheweni, Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani, nenda na kikapu na urudi nacho. Chombo, ganda, chupa, pampasi isiyo ya mtoto mwenye kuharisha, rudi navyo. Pampasi ya mtoto aliyelazwa kwa kuharisha iache hapo, na muulize muuguzi ndoo yake ni ipi. Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, na tulioishi kabla ya hapo tunakumbuka ilivyosemekana haiwezekani. Tulirudi kwenye vikapu. Haikuwa mahubiri peke yake: kulikuwa na sheria, na kikapu kilikuwepo.

Kuna suala jingine ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini, nalo ni kondo la nyuma. Familia nyingi zinataka kulichukua na kulizika nyumbani, na mimi sioni kosa katika kuomba. Si jambo la kumwonea haya mkunga wala la mkunga kulikejeli. Lililo muhimu ni litoke likiwa limefungwa katika chombo kisichovuja, abebaye avae glovu, na lizikwe kwa kina, mbali na kisima, mahali ambapo mbwa hafukui. Familia ikiliacha, liingie katika shimo lake maalumu lenye mfuniko. Palipo na maelewano hayo mapema, kabla ya uchungu kuanza, hapana ugomvi mlangoni saa 9 za usiku.

Najua mtu ataniambia: sisi ni wagonjwa tu, tutaanzaje kumuuliza daktari habari za taka? Utaanza kwa adabu, kama unavyouliza dawa inamezwa mara ngapi. "Samahani dada, hiyo sindano ni mpya? Nikuone ukiifungua." Akimaliza: "Naiona inaingia kisandukuni, ahsante." Muuguzi mzuri hachukii, na wengi watafurahi kuwa kuna mtu anayeiona kazi yao. Ukiona kisanduku kimejaa mpaka mabomba yanachomoza, mwambie mkuu wa kituo. Ukiona shimo liko wazi na watoto wanalizunguka, hilo si la kumnong'oneza jirani. Lipeleke kwa sheha na kwenye kamati ya afya, na liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, pamoja na tarehe. Kamati ikiwa na shilingi chache za kuamua, nashauri zianzie kwenye uzio wa shimo na buti za mtu wa usafi kabla ya rangi ya ukuta wa mbele. Uzio hauonekani na mgeni anayekuja kufungua jengo, na huenda ndiyo sababu haujengwi.

Na Wizara ya Afya, kwa upande wake, ina la kufanya ambalo halihitaji mfadhili: kumchanja homa ya ini B kila anayegusa taka za hospitali, awe mwajiriwa wa serikali, wa kampuni ya usafi au kibarua wa kutwa. Ni dozi tatu. Asipewe ndoo kabla ya kuanza ya kwanza.

Akichomwa mtu, hospitalini au nyumbani, asikamue wala asinyonye kidonda. Aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha aende kituoni saa ile ile. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya kuchomwa zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Humezwa kwa siku 28. Mzazi wa mtoto aliyechomwa jaani asimpige kwanza. Mtoto aliyepigwa kwa kosa hilo, mara ya pili atalificha, na saa 72 zitapita.

Nimalizie na nyumbani, maana sasa hospitali imehamia huko. Maradhi ya sukari yameongezeka na wazee wengi wanajidunga insulini wenyewe, mara mbili au zaidi kwa siku, na sindano zinaishia jaani pamoja na maganda ya muhogo. Chukua chupa ngumu ya plastiki, ya sabuni ya maji au ya dawa ya kufulia, ile isiyotoboka ukiibonyeza, yenye kifuniko cha kusokota. Chupa nyepesi ya maji ya kunywa haifai. Iandike kwa kalamu nzito: SINDANO. Kila ukimaliza, itumbukize bila kurudishia kifuniko chake. Ikifika robo tatu, ifunge kwa utepe na uipeleke kituoni siku unayokwenda kuchukua dawa, uombe iingie pamoja na visanduku vyao. Wakikukatalia, mueleze mhudumu wa afya wa kujitolea anayepita nyumbani kwenu kwa mpango wa Jamii ni Afya, alifikishe kwa wakubwa wake. Mpaka hapo chupa yako ikae juu ya kabati, si uvunguni, kwa sababu uvunguni ndiko wajukuu wanakojificha.